Lenzi Ndani ya Jicho: Historia ya Tiba ya Mtoto wa Jicho

Katika parokia zetu za Kolwezi, na kandokando ya machimbo ya Mashamba, wako wazee wengi ambao macho yao yameingia ukungu. Zamani walisoma Misale bila shida. Leo hawatambui uso wa mjukuu mpaka asikike sauti. Wakienda hospitali huambiwa: "Una mtoto wa jicho. Utapasuliwa, utawekewa lenzi." Na wale wenye jamaa Lubumbashi, Afrika ya Kusini au Ulaya huletewa habari nyingine: kwamba iko lenzi ya namna mpya, inayomwezesha mtu kuona mbali na karibu pia, asihitaji miwani tena maishani. Bei yake si ndogo. Ndipo jamaa hukaa pamoja na kuulizana: Tuchange fedha? Tuuze mbuzi? Au ni maneno ya wafanya biashara tu?

Swali hili ni la haki, nalo lataka jibu la kweli. Anayeuza kitu hukisifu, na anayekiogopa hukitukana. Afadhali basi tufuate historia ya jambo lenyewe tangu mwanzo, tuone ni nini kilichopatikana kila mara, na ni nini kilichopotea.

Mtoto wa jicho ni kitu gani?

Nyuma ya mboni ya jicho imo lenzi ndogo, angavu kama tone la maji, imefungwa ndani ya mfuko mwembamba sana. Mwanga ukiingia, hupindwa kwanza na konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, kisha lenzi humaliza kazi, picha ikaangukia vizuri nyuma ya jicho. Wakati wa ujana lenzi ni laini: ukitazama mlima hunyooka, ukitazama kitabu hujivimbisha. Lakini mtu akifika miaka 45 hivi, lenzi imekwisha kukakamaa. Ndiyo maana watu wa umri huo huanza kusogeza kitabu mbali na uso, kana kwamba mikono yao imekuwa mifupi.

Baadaye, kwa sababu ya uzee, au ugonjwa wa sukari, au jeraha, lenzi yaweza kupoteza uangavu wake na kuwa kama maziwa. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Si ngozi iliyoota juu ya jicho, wala si nyama ya kukwanguliwa. Ni lenzi yenyewe iliyochafuka.

Kuna weupe mwingine, ambao ni kovu juu ya konea, na dawa yake ni nyingine kabisa. Wasomaji wanamkumbuka mzee Tobiti, aliyepofuka kwa weupe machoni, akaponywa kwa nyongo ya samaki kwa maagizo ya malaika Rafaeli. Maandiko ya Kigiriki yanatumia neno linalotaja weupe juu ya jicho, kwa hiyo yaelekea huyo hakuwa na mtoto wa jicho. Nasema haya kwa sababu wako watu wanaotia majani na maji ya kila namna machoni wakidhani wanamwondoa mtoto wa jicho. Lenzi iko ndani. Dawa ya kutonesha haiifikii. Lakini konea iko nje, nayo huchomwa na dawa hizo, na mtu aliyekuwa na ugonjwa wa kutibika akawa na ugonjwa usiotibika.

Hata jina la Kifaransa na la Kilatini lina kosa la zamani ndani yake. Watu wa kale walifikiri maji machafu hushuka toka kichwani na kutanda nyuma ya mboni. Waarabu waliliita tatizo hilo kushuka kwa maji. Katika karne ya 11, Konstantino Mwafrika, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekuwa mmonaki wa Monte Cassino huko Italia, alifasiri vitabu vya tiba toka Kiarabu, akatumia neno la Kilatini cataracta, lenye maana ya maporomoko ya maji. Ni neno lile lile ambalo Biblia ya Kilatini inalitumia kwa madirisha ya mbingu yaliyofunguka wakati wa gharika ya Nuhu. Maji hayakuwako, lakini jina limebaki.

Zamani za sindano na kisu

Tiba ya kwanza ilikuwa sindano. Mganga alimketisha mgonjwa mbele yake, akamchoma jicho ubavuni, akaisukuma lenzi chafu mpaka izame chini, mbali na mboni. Wahindi waliifanya kazi hiyo tangu kale, na Celsus wa Roma aliiandika katika karne ya kwanza. Mara nyingine mgonjwa aliona nuru papo hapo, akapiga vigelegele. Lakini lenzi iliyozama ilibaki ndani, na majuma baadaye jicho likawaka, likauma, likafa. Mwaka 1750 Johann Sebastian Bach, fundi mkuu wa muziki wa kanisa huko Ujerumani, alichomwa hivyo mara mbili na mganga wa kuzungukazunguka aitwaye John Taylor. Hakuona tena, na mwaka huo huo akafa.

Ammar wa Mosuli, tabibu aliyefanya kazi Misri yapata mwaka 1000, alijaribu njia nyingine: sindano yenye tundu, ili kumfyonza mtoto wa jicho atoke nje. Lakini aliyebadilisha mambo kwa kweli ni Mfaransa Jacques Daviel. Mwaka 1747 alipasua konea kwa chini, akaitoa lenzi yenyewe. Mwaka 1752 akawaeleza madaktari wenzake wa Paris njia yake. Mambo haya yalifanyika bila dawa ya ganzi! Ganzi ya jicho ilipatikana mwaka 1884 tu, Carl Koller wa Vienna alipoonyesha nguvu ya kokaini.

Hapo basi uchafu uliondoka. Lakini jicho lisilo na lenzi ni kama kamera iliyong'olewa kioo: mwanga unaingia, picha haipatikani. Ilibidi mgonjwa avae miwani minene kama kitako cha chupa. Miwani hiyo ilikuza vitu kwa robo au zaidi, ikapinda nguzo na milango, na mtu akanyosha mkono kukamata kikombe, asikipate. Tena miwani ikivunjika njiani, mtu akawa kipofu tena mpaka apate mingine. Hayo yalikuwa mapato na hasara ya miaka mia mbili.

Rubani, plastiki na shaba

Harold Ridley alizaliwa Uingereza mwaka 1906, mwaka ule ule ilipoanzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Akawa daktari wa macho London. Wakati wa vita ya pili ya dunia alitumwa na jeshi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi, na huko alichunguza upofu wa mtoni, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vinavyoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Ugonjwa huo Wakongo wanaujua. Miaka ya 1930 daktari Mbelgiji Jean Hissette aliuona machoni mwa watu wa mto Sankuru, akaandika juu yake mwaka 1932 wakati wengi wa Ulaya hawajaamini. Upofu wa mtoni huharibu nyuma ya jicho pia, na aliyepofuka hivyo harudishiwi kuona kwa kisu. Ridley alijua tofauti hiyo kwa macho yake mwenyewe, naye hakuridhika kuona mtu mwenye ugonjwa wa kutibika akitibiwa nusu.

Tarehe 15 Agosti 1940 rubani mmoja Mwingereza, Gordon Cleaver, alipigwa risasi angani, na dari ya ndege yake ikapasuka usoni pake. Dari hiyo haikuwa ya kioo. Ilikuwa ya plastiki iitwayo Perspex. Vipande vilimwingia machoni. Jicho moja likapotea. Jicho la pili Ridley alilitazama mara nyingi miaka iliyofuata, akashangaa: vipande vya Perspex vimekaa ndani, na jicho limetulia.

Ili tuelewe mshangao wake, tutazame mambo yetu ya hapa. Sisi tunaishi juu ya shaba. Hata jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Kipande cha shaba safi kikiruka kutoka kwa waya au kwa fataki ya baruti, kikaingia ndani ya jicho, jicho hukikataa kwa usaha na maumivu makali. Shaba iliyochanganyika na madini mengine huyeyuka polepole, ikatia rangi ya kijani ukingoni mwa konea, na ndani ya lenzi ikafanya doa lenye umbo la ua la alizeti. Madaktari humwita huyo mtoto wa jicho wa alizeti. Chuma nacho hupata kutu ndani ya jicho na kulitia sumu. Tangu kale, kila kitu cha kigeni kilichoingia jichoni kilihesabiwa kuwa adui. Na hapa plastiki ya ndege imekaa kimya kama mgeni mwenye adabu!

Mwaka 1949 mwanafunzi mmoja alimtazama Ridley akitoa mtoto wa jicho, akamwuliza kwa nini harudishi lenzi nyingine mahali pa ile iliyotoka. Neno hilo lilimchoma. Akaiomba kampuni ya Rayner imtengenezee lenzi ya Perspex iliyosafishwa sana. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas, London, alimpasua mama mmoja wa miaka 45, na tarehe 8 Februari 1950 akaiweka lenzi moja kwa moja.

Jicho liliikubali. Lakini hesabu ya nguvu ya lenzi ilikuwa imekosewa: ilikuwa kali mno, na yule mama hakuona mbali bila miwani. Tuliangalie vizuri jambo hili, maana litarudi. Jicho likipimwa vibaya kwa milimita moja tu, miwani itakayohitajika baadaye hubadilika kwa namba mbili na nusu au zaidi. Lenzi nzuri katika jicho lililopimwa vibaya ni lenzi mbaya.

Ridley alipotoa habari hizo mwaka 1951 mjini Oxford, wakubwa wengi wa kazi yake walimpinga. Wengine walisema daktari huondoa vitu vya kigeni machoni, haviingizi. Na kweli, lenzi za kwanza zilikuwa nzito, nyingine zikateleza, nyingine zikatolewa. Ilichukua zaidi ya miaka 25 mpaka kazi yake ikubalike kila mahali. Alipewa heshima na Malkia mwaka 2000, akafa mwaka 2001. Kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa ameugua mtoto wa jicho, akawekewa lenzi katika hospitali ile ile ya St Thomas.

Lenzi yafika kwa maskini

Mwaka 1967 Mmarekani Charles Kelman alitumia chombo cha mitetemo, alichokipatia wazo kwenye kiti cha mganga wa meno, kuivunjavunja lenzi chafu na kuifyonza kwa tundu dogo. Wengine, hasa Nepal na India, walifundisha njia ya kisu kidogo isiyohitaji mashine ya gharama wala mishono. Ndiyo inayofaa sana katika hospitali zetu.

Lakini lenzi yenyewe ilikuwa ghali, dola mia moja hivi. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza Madurai, India, na baadaye bei ikashuka chini ya dola kumi. Fred Hollows, daktari wa Australia, aliwaahidi watu wa Eritrea kiwanda chao wenyewe; alikufa mwaka 1993, na mwaka 1994 kiwanda kikafunguliwa Asmara. Hivyo lenzi ilianza kutengenezwa katika Afrika yetu ya Mashariki.

Huku Kongo nako kazi hii imefanyika. Huko Mbuji-Mayi, Richard Hardi, daktari Mkatoliki toka Hungaria, amewapasua vipofu tangu miaka ya 1990, akianzia Kabinda, tena akisafiri na vyombo vyake mpaka vijiji vya mbali vya msituni. Kituo chake kinaitwa kwa jina la Mtakatifu Rafaeli, yule yule wa Tobiti.

Lenzi ya kuona mbali na karibu

Sasa tumefika kwenye swali letu. Lenzi ya Ridley, na karibu zote zilizofuata, zina nguvu moja. Haziwezi kujivimbisha kama lenzi ya kijana. Kwa kawaida daktari huchagua ile ya mbali: mgonjwa ataona njia, ng'ombe na uso wa mtu, lakini akitaka kusoma atavaa miwani midogo ya kusomea.

Yapata mwaka 1986, huko Uingereza, iliwekwa jichoni lenzi ya kwanza yenye nguvu mbili. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu ya kwanza nchini mwake, iitwayo Array. Mwaka 2005 ikafuata ReSTOR. Mwaka 2010 kampuni ya PhysIOL ya Liège, Ubelgiji, ilitoa lenzi yenye sehemu tatu: ya mbali, ya kati na ya karibu.

Zinafanyaje kazi? Usoni pa lenzi kuna pete nyembamba, moja ndani ya nyingine, kama mawimbi jiwe linapotupwa majini. Pete hizo hugawanya mwanga. Katika lenzi nyingi za sehemu mbili, kama sehemu nne katika kumi za mwanga huenda kwa picha ya mbali, nne kwa picha ya karibu, na mbili zilizobaki hutawanyika. Picha zote mbili hufika pamoja nyuma ya jicho, na ubongo hujifunza kuchagua moja na kuiacha nyingine.

Hapo ndugu msomaji ameona tayari faida na hasara. Mwanga ni kama unga wa sima: ukiugawa katika sahani mbili, hakuna sahani itakayojaa. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Hapa hakosi yote, lakini hulipa.

Hesabu imefanywa. Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 20, yaliyohusu watu zaidi ya 2000, wakalinganisha lenzi ya nguvu nyingi na ya nguvu moja. Waliona hivi: kuona mbali kulikuwa karibu sawa kwa wote. Kuona karibu bila miwani kulikuwa bora kwa wenye lenzi ya nguvu nyingi, na wengi zaidi kati yao waliacha miwani, ingawa si wote. Lakini walioona pete za mwanga kuzunguka taa usiku walikuwa zaidi ya mara tatu ya wenzao, na mwako wa taa uliwasumbua wengi zaidi. Tena katika giza la jioni vitu vyenye rangi za kukaribiana huwa vigumu zaidi kutofautishwa. Tangu 2016 Marekani imeruhusu pia lenzi za namna nyingine, zinazorefusha masafa badala ya kuyagawa. Mara nyingi pete hupungua kidogo, lakini herufi ndogo bado hutaka miwani.

Basi, tuchange fedha?

Lenzi hii si uongo. Yafaa kwa mtu mwenye macho mazima nyuma, konea safi, aliyepimwa sawasawa kwa chombo kizuri, ambaye kazi yake ni ya vitabu na hesabu, na ambaye anaweza kumrudia daktari wake. Maana mara nyingi, baada ya miezi au miaka, mfuko ulioshika lenzi huingia ukungu, na ukungu huo hutobolewa kwa mwanga wa leza. Mwenye kukaa mbali na mashine hiyo ajue hivyo kabla.

Haifai kwa mwenye presha ya jicho iliyoharibu mshipa, wala kwa aliyeumizwa nyuma ya jicho na sukari au upofu wa mtoni. Mwanga wake umekwisha kupungua, usigawanywe tena. Dereva wa lori la madini afanyaye safari ya usiku kwenda Lubumbashi, kilometa 300 hivi, akimulikwa na taa za malori mengine, afikiri mara mbili. Mchimbaji anayefanya kazi shimoni kwa taa ya kichwani naye afikiri.

Kabla ya kulipa, mgonjwa amwulize daktari maneno manne. Nyuma ya jicho langu ni kuzima? Nguvu ya lenzi imepimwa kwa chombo gani? Usiku nitaona nini? Na nisipoizoea, itakuwaje? Daktari mwema hakasiriki kwa maswali hayo. Anayejibu kwamba hakuna hasara yoyote hajasema kweli, maana historia yote tuliyoisoma haina tiba moja isiyo na bei yake.

Na kuna jambo moja la mwisho, kubwa kuliko yote. Mwaka 2020 ilihesabiwa kwamba watu milioni 15 hivi duniani, wa miaka 50 na zaidi, walikuwa vipofu kwa mtoto wa jicho. Hawakukosa lenzi ya pete. Walikosa lenzi yoyote. Hata yule mama wa London, ambaye lenzi yake ilikosewa nguvu, alifungua mlango ambao mamilioni wamepita. Kwa hiyo jamaa inayobishana juu ya lenzi ya ghali huku babu ameketi gizani mwaka wa pili inapoteza siku zake. Kama fedha ipo na jicho linafaa, chagueni kwa akili. Kama fedha haipo, msione haya: lenzi ya nguvu moja iliyowekwa vizuri, pamoja na miwani ya kusomea ya bei ndogo, humrudishia mtu njia, kazi na kitabu chake. Mpelekeni mzee hospitali mwaka huu, msingoje mavuno mengine.